Kibao Kitupu

Kibao cha Tata Kabamba bado kimetundikwa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi hapa Kolwezi, ukutani mwa nyumba aliyopewa na kampuni alipokuwa kapita, yaani msimamizi, wa karakana. Ni kibao cha jiwe jeusi, kikubwa kama sinia, na fremu yake ya mbao imekazwa kwa waya wa shaba. Kila alfajiri kapita aliandika humo kwa chaki majina ya watu wake na kazi ya kila mmoja, na jioni alikipangusa kwa kitambaa chenye maji. Alipostaafu alikileta nyumbani, akawa anaandika mambo ya siku ya familia, mistari mitatu tu. Mkewe alipotaka kuongeza wa nne, mzee aliuliza, "Mi nipanguse gani?" Kama hakukuwa na wa kupangusa, wa nne ulingoja kesho.

Kulikuwa na desturi nyingine juu ya kibao hicho. Mfanyakazi aliyefika asubuhi akakuta jina lake limepanguswa hakuuliza mbele ya wenzake. Alichukua kopo lake la chakula, akarudi nyumbani, akangoja kuitwa. Wazee wanaiita heshima. Mimi naiita woga uliozoeleka, lakini sikuwahi kulisha watoto kwa mshahara wa kampuni, basi nanyamaza. Kampuni ilipopunguza watu, wengi waliondoka hivyo hivyo, bila neno. Karakana ilikufa, desturi haikufa. Hata leo, kwaya ikikuondoa au parokia ikikuondoa, mtu wa Kapata haulizi.

Mwana wa mwisho wa kapita ni Tharcisse. Nilisoma naye kompyuta hapa Kolwezi. Alikuwa wa kwanza darasani, na hakupata kazi ya ofisi kwa kuwa hakuwa na mjomba ofisini. Anatengeneza simu kwenye kibanda cha mabati huko Dilala, karibu na kituo cha pikipiki za abiria. Ni mwembamba, anaongea taratibu, na akishika simu ya mtu anaipangusa kwanza vumbi jekundu kabla ya kuuliza ina ugonjwa gani.

Baba yake alipofariki, Tharcisse aliandika programu ya simu akaiita Kibao. Ilikuwa ukurasa mmoja mweusi wenye mistari mitatu, herufi kama za chaki. Unaandika jambo lako na saa yake, simu inalia saa ikifika, ukimaliza unapangusa kwa kidole gumba. Jambo la kila siku lilirudi lenyewe kesho yake. Haikuhitaji mtandao, na ilifunguka hata kwenye simu za zamani. Ardhi yetu inachimbwa mchana na usiku ili dunia nzima ipate betri, na simu inayobaki mkononi mwa mama wa Kapata ni ile ambayo dunia imeshaichoka. Tharcisse aliandika kwa ajili ya simu hiyo. Ndiyo sababu nilimheshimu.

Mama Mwadi alikuwa nayo. Ni mjane wa mchimbaji, mtu wa kujitolea wa parokia, na kazi yake ni kuhakikisha wagonjwa wa kifua kikuu wanameza dawa. Mstari wake wa kwanza kila asubuhi ulisema: *Mama Numbi, dawa.*

Mama Numbi anakaa mistari miwili ya nyumba kutoka kwa kapita. Kwa miaka aliosha mawe ya madini mtoni, akapata kikohozi, akaanza dawa na kuziacha mara mbili kwa sababu zilimchafua tumbo. Kwa hiyo muuguzi wa kituo cha afya, Mechack, hakumpa tena dawa mkononi. Alimpa Mama Mwadi azitunze, ampelekee kidonge na kusimama mpaka kimeshuka. Safari hii mgonjwa alikuwa na sababu ya kuvumilia. Mama yake mzazi, kikongwe asiyeona tena, alikuwa Musumba, mbali huko Kapanga, na alikuwa ametuma ujumbe: njoo nikuguse uso kabla sijaenda. Mechack alimkatalia kusafiri na ugonjwa huo kwenye lori lililojaa watu. Alianza dawa Aprili. Angemaliza mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua haijaikata barabara ya Kapanga. Mama Numbi alihesabu siku kwa kuchora alama za mkaa nyuma ya mlango.

Wakati huo Kibao kilikuwa kinapendwa, na watu wanaopenda kitu hutaka kiwe kikubwa. Stany, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyefika kibandani mara nyingi zaidi.

"Tharcisse, ndugu yangu, Kibao yako iko kama sahani ya mufungwa. Kintu moja, siku yote!"

"Inakushibisha?"

"Inanishibisha, lakini mi niko na bantu arobaini mu kwaya. Nataka niwaandikie mazoezi, na asiyekuya nimupanguse. Weka na rangi kidogo. Tuko ku matanga hapa?"

Tania, mwalimu wa shule ya msingi, aliomba kalenda ya mitihani. Mwingine aliomba sehemu ya picha, mwingine sehemu ya sala. Hakuna hata mmoja aliyeomba upuuzi. Hilo ndilo linalonitesa nikikumbuka. Kisha mtu kutoka Lubumbashi alipiga simu: kampuni yake ingeweza kuweka Kibao kwenye simu za wafanyakazi wake wote, kama tu kingekuwa na vikundi na mkubwa wa kikundi aweze kuwaandikia na kuwafutia watu wake. Nilikuwepo kibandani. Nilimwambia Tharcisse akubali. Nilisema kwamba kijana wa Dilala hawezi kuishi kwa mistari mitatu maisha yake yote. Nilisema mengi.

Katikati ya Agosti toleo jipya lilitoka. Lilikuwa na kurasa tano: Leo, Kila Siku, Kalenda, Vikundi, Picha. Tharcisse alikuwa ameyahamisha mambo yanayojirudia kutoka ukurasa wa kwanza kwenda wa pili, ili ukurasa wa Leo ubaki safi; huko kengele ilingoja uiwashe upya. Aliandika maelezo mafupi ya kuonekana mara ya kwanza, na chini yake kitufe cha *Sawa*. Jumapili, baada ya misa, Stany alisimama akatangaza kwa furaha kama mtu aliyeiandika mwenyewe:

"Sasa mukubwa anaweza kukuandika ao kukupangusa, hata kama iko kwake anakula bukari!"

Watu walicheka. Mama Mwadi alikuwa kwenye benchi la tatu, na kabla hajatoka kijana wa kwaya alimwekea toleo jipya kwenye simu.

Kesho yake simu yake haikulia. Alifungua Kibao, yakatokea maneno mengi, akabonyeza *Sawa* kama sisi sote tunavyobonyeza. Ukurasa ulikuwa mtupu. Mstari wa Mama Numbi, uliorudi wenyewe tangu Aprili, haukuwepo.

Baba yake Mama Mwadi alikuwa mmoja wa wale waliochukua kopo la chakula wakarudi nyumbani. Aliutazama ule weusi, akaelewa kwamba Mechack amempangusa na kumpa mwingine kazi. Alijiuliza amekosea wapi. Alikumbuka kwamba wiki iliyopita alichelewa siku moja. Alifunga dawa zilizobaki kwenye kitambaa, akaziweka juu ya kabati, akangoja kuitwa azirudishe. Mechack hakuita, alikuwa vijijini kwenye kampeni ya chanjo.

Na Mama Numbi? Aliona Mwadi hafiki. Majirani kadhaa walikuwa wameshaacha kupita mlangoni kwake kwa kuogopa kikohozi. Alisema moyoni: huyu naye ameogopa. Hakumtuma mtu kuuliza. Wanawake wawili waliotenganishwa na nyumba tisa, kila mmoja akilia kwake.

Siku ya kumi na saba Mama Mwadi alifika Dilala, tundu la chaji la simu yake limelegea. Tharcisse alilisafisha kwa sindano, akaiwasha, akafungua Kibao kuona kama kinatembea vizuri. Alipita moja kwa moja ukurasa wa pili, kama mtu anayejua nyumba yake. Akasimama.

"Mama Mwadi. Hii ya Mama Numbi, juu ya nini haupangusake? Iko hapa tangu siku kumi na saba."

"Numbi gani? Balishanitosha ku ile kazi."

"Nani alikutosha?"

"Mechack. Si alinipangusa? Kibao iko mutupu, mwana. Angalia." Alinyoosha mkono, akarudisha ukurasa wa kwanza. "Unaona? Hakuna kintu."

Tharcisse alirudi ukurasa wa pili, akamwonyesha. Kisha wa kwanza, kisha wa pili.

"Iko nyuma," alisema. "Ni mi njo niliiweka nyuma. Hakuna muntu alikupangusa, mama."

Mama Mwadi alikaa chini, pale pale kwenye kizingiti, kati ya pikipiki. "Tata Mungu," alisema. "Na dawa iko kwangu, juu ya kabati."

Walipanda pikipiki moja, wawili na dereva, mpaka Kapata. Mimi, niliyekuwa kibandani siku hiyo, nilifuata kwa nyingine. Mama Numbi alikuwa amelala juu ya mkeka, uso umeingia ndani, na kando yake beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Nyuma ya mlango alama za mkaa zilikuwa zimekoma.

"Umekuya kuona kama nishakufa?" alimwambia Mwadi.

"Numbi, mi nilijua banaweka mwingine. Mi nilijua banakosa kunitaka."

"Mi nilijua unaogopa kukohoa yangu."

"Mi niogope wewe? Tunakula bukari ku sahani moja tangu Aprili!"

"Basi juu ya nini haukuuliza?"

Mama Mwadi alikaa kando ya mkeka. "Na wewe," alisema, "juu ya nini haukuuliza?"

Tharcisse alikuwa amesimama mlangoni, mgongo wake umegusa mkaa.

Makohozi yalipimwa. Vijidudu vilikuwa vimerudi. Mechack, aliyerudi kutoka vijijini na macho mekundu, alisema dawa zianze upya kutoka siku ya kwanza. Mama Numbi alihesabu kwa vidole: angemaliza mwanzoni mwa Machi, katikati ya mvua. Barabara ingefunguka Mei. Alimwuliza Mechack, "Na mama yangu atangoja?" Mechack alitazama karatasi zake.

Tharcisse alifunga kibanda wiki mbili. Nilitarajia afute kila kitu, arudi kwenye mistari mitatu, na kwa hasira yangu ningempigia makofi. Hakufanya hivyo. Alikwenda kwa Mama Mwadi kila mchana, akaweka simu ile ya zamani mezani, akamwomba afanye kazi yake huku yeye akitazama kidole chake. Kalenda ya Tania aliibakiza, nyuma ya mlango usioonekana mpaka mtu auite. Rangi na picha aliziondoa. Ukurasa wa kwanza aliurudishia mistari yake, na akajiwekea sharti kwamba hakuna kipya kitakachosogeza kilichokuwepo. Uwezo wa mkubwa kumpangusa mtu aliung'oa kabisa. Mstari unafutwa na kidole cha mwenyewe tu.

Mtu wa Lubumbashi aliposikia hilo hakupiga simu tena. Stany alikuja na sauti ya juu.

"Unarudisha bantu nyuma! Sasa asiyekuya ku mazoezi nitamufanya nini?"

"Utaenda kwake umuulize."

"Bantu arobaini?"

"Basi uanze na moja."

Stany aliondoka akinung'unika. Nasikia alianza na mmoja.

Habari kutoka Musumba zilifika Desemba, kwa simu iliyokatika mara tatu. Kikongwe alikuwa amezikwa siku mbili kabla. Matanga yaliwekwa mbele ya nyumba ya Mama Numbi, chini ya turubai, wanawake wamekaa chini, wanaume kwenye viti vya parokia. Tharcisse alifika asubuhi na mapema. Alipiga magoti mbele ya Mama Numbi.

"Mwana ya kapita," alisema Mama Numbi, "baba yako alipangusa jina ya bwana yangu. Ile siku, alikuya mpaka hapa nyumbani jioni, akamwambia mu macho. Kati ya bakapita bote, ni yeye peke yake alifanya vile. Wewe ulipangusa, ukabakia kule Dilala."

"Ndiyo, mama."

"Sikutukani. Nakuambia tu."

Wakati huo simu ililia katikati ya maombolezo, na watu wakageuka kwa ghadhabu. Ilikuwa ya Mama Mwadi. Hakuizima. Alipita kati ya waliokaa, bilauri ya maji mkono mmoja, kidonge mkono mwingine, akainama. Mama Numbi alikitazama kidonge. Hapakuwa tena na barabara ya kuwahi, wala mkono wa kumgusa uso. Niliogopa atakataa.

Alifungua mdomo. Alimeza, akanywa maji yote, akarudisha bilauri.

Mama Mwadi alitoa simu kwenye kitenge, akataka kupangusa. Mama Numbi alimshika kifundo cha mkono.

"Lete," alisema. Akaweka kidole gumba chake mwenyewe juu ya mstari.