Siku ya Saba Nyumbani kwa Bi Halina

Shoga yangu Kidawa ana ugonjwa mmoja: hadithi humwingia mwilini. Alikuwa akimtunza Bi Halina, ajuza wa Kipolandi huko Pearland, Texas. Kila alasiri akili ya bibi ilitoka taratibu ikarudi kwao, kwenye mashamba ya ukungu. Huko, akimsimulia Kidawa, alimkuta Piasti, mkulima fukara aliyeandaa karamu ndogo ya kumkata mwanawe nywele za kwanza. Wageni wawili waliofukuzwa langoni kwa mtawala wakabisha kwake, akawakaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone: chakula kikazidi, hakikwisha. Mtoto yule akaja kutawala, na ukoo wa Piasti ukaishika Polandi karne na karne.

"Karamu na nywele za mtoto? Basi alikuwa Mwislamu!" Kidawa alinipigia simu, kafurahi. Kesho yake hadithi ikafika kwenye bia na nguruwe. Hakunipigia.

Agosti ya 2017 kimbunga Harvey kikaleta mvua isiyojua kuaga. Raya, binti yake Kidawa, akatokea mlangoni kwa Bi Halina na kichanga kifuani, kalowa chapachapa.

"Mama, apartment yote maji. Na kesho ndiyo siku yake ya saba, tutamnyolea wapi?"

Kidawa aliushika mlango nusu wazi. Mwana wa Bi Halina, anayeishi mbali, alishamwonya: akiingiza mgeni, kazi hana. Mimi simpendi huyo mwana, nasema wazi. Lakini bibi alikwisha kujikokota mpaka mlangoni.

"Mpishe apite," akasema. "Wanaofukuza ni watawala."

Asubuhi mtaa ulikuwa ziwa, na nyumba ikawa kama inaelea. Mbuzi wa kuchinja kwa akika ya mtoto hakupatikana. Wakapika wali na maharage. Kidawa akanyoa polepole, bibi kashika bakuli, nywele laini zikidondoka bila sauti. Kidawa hakujua yuko Texas, kwao Tanga au kule kwenye ukungu, wala hakutaka kujua.

Simu ikalia. Ni yule mwana, na sauti yake ikajaa sebuleni.

"Mama, kuna mgeni humo ndani?"

Kidawa akashusha wembe. Kichanga kikaangua kilio.

"Hakuna mgeni," bibi akajibu, akimpangusa mtoto utosi. "Ni sisi wa nyumbani tu."



"Huyo anayelia anaitwa nani?" mwana akauliza.