Nyasi za Omwenga Hazikaliwi

Ukishuka kutoka soko la Sosiot kwa ile barabara ya murram inayoelekea kituo cha chai, utapita chai, utapita nepia ya kulisha ng'ombe, utapita chai tena, halafu utafika mahali ambapo macho yatakwama. Hapo pana nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya bluu, na mbele yake kipande cha nyasi fupi, kilichonyolewa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi siku ya kufungua shule. Ng'ombe hayuko. Kuku hayuko. Hata shuka iliyoanikwa huioni. Watu wa hapo wanapaita Kapeti, na mwenye Kapeti ni Mzee Omwenga.

Sasa, Sosiot ni mahali ambapo nyasi zina kazi moja tu, kuingia kwa ng'ombe na kutoka zikiwa maziwa. Mtu anayekata nyasi kila wiki na hana hata ndama, watu walishindwa wamweke kundi gani. Jirani yake Chepkirui, mama wa kucheka na wa kusema, ndiye aliyekuwa akimuuliza kutoka ng'ambo ya ua karibu kila asubuhi.

"Mzee Omwenga, leo umevuna?"

"Nimekata."

"Umekata ukapeleka wapi?"

"Si nakupa wewe upelekee ng'ombe wako?"

"Basi wewe ndiye mtumishi wa Madamu, na hakulipi."

Madamu alikuwa ng'ombe wa Chepkirui, mweusi mwenye mabaka, aliyeitwa hivyo kwa sababu alitembea polepole na kuangalia watu kama mwalimu mkuu anayekagua mstari. Kutwa alisimama kwenye ua akiitazama Kapeti, akitafuna mate.

Omwenga hakuwa mjinga wa nyasi. Alitoka kwao Kisii akiwa kijana, akaajiriwa kwenye shamba kubwa la chai, na badala ya kupewa kikapu cha kuchumia akapelekwa nyumbani kwa meneja kutunza bustani. Akakaa huko miaka thelathini na moja. Mameneja walikuja na kwenda, mbwa wao walikuja na kwenda, Omwenga akabaki na mashine yake ya kukatia nyasi, ile ya kusukuma kwa mikono. Sheria ya pale aliambiwa siku ya kwanza, naye hakuhitaji kuambiwa tena: mfanyakazi hakai kwenye nyasi. Mbwa wa meneja alilala katikati miguu juu, lakini Omwenga chakula chake cha mchana alikila nyuma ya stoo, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alipostaafu, wakamwachia ile mashine iliyozeeka. Akanunua ploti Sosiot, akajenga, akapanda nyasi za Kikuyu mbele ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa tisa. Na unajua sheria ya kwanza aliyoweka nyumbani kwake? Hakuna kukaa kwenye nyasi. Mke wake Nyambeki alizunguka kandokando na debe la maji kichwani. Binti yao Janefer alikua akizunguka. Na mwenyewe Omwenga alizunguka, isipokuwa siku ya kazi, na hapo alikanyaga kwa vidole kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Kazi yenyewe aliijua kwa mwaka mzima, na ukimpa nafasi angekueleza hadi chai yako ipoe. Mvua za Machi zikianza, unang'oa gugu la ndago na kile kijifundo chake cha chini, maana ukikata juu tu umemnyoa, hujamfukuza. Halafu unanyunyiza jivu la jikoni, kwa kuwa udongo wa chai ni mkali na nyasi haziupendi. Aprili na Mei unakata mara mbili kwa wiki, lakini kidogo kidogo, ncha tu. Julai kukiwa na baridi na ukungu, unaziacha zipumzike, unachomachoma ardhi kwa uma wa bustani ili ipumue, na kuvu la kijani linakwanguliwa. Mvua ya mawe ikipiga Agosti, usiguse kitu kwa wiki nzima. "Mtu aliyepigwa humnyoi," alikuwa akisema. Na Desemba, jua linapokaribia, unaacha kukata kabisa. Nyasi zinakuwa ndefu kidogo, zinajifunika mizizi zenyewe kama blanketi.

"Na mimi unaniacha nijifunike na nini?" Nyambeki angeuliza, naye Omwenga angejifanya hajasikia.

Mwaka huu ninaousimulia ulikwenda vizuri hadi Novemba. Siku moja Chepkirui alisahau kufunga kamba vizuri, na Madamu akavunja ua. Hakula sana. Alisimama katikati ya Kapeti, akaangalia nyumba, akainua mkia, akaweka mzigo mzito, kisha akarudi alikotoka kwa mwendo wake uleule. Omwenga alipiga kelele hadi watu wa kituo cha chai wakadhani kuna moto.

"Pole, mzee wangu," Chepkirui alisema, akiziba mdomo kwa leso. "Lakini si amekulipa sasa ule utumishi?"

Omwenga alikwangua alichoweza, kingine mvua ikakipeleka chini. Kwa wiki tatu hakumpelekea Madamu nyasi hata konzi moja.

Ndipo ikaja Januari, na habari. Janefer, ambaye sasa ni muuguzi Bomet, alikuja nyumbani akakaa na mama yake jikoni muda mrefu. Kisha akatoka akamkuta baba yake akinoa panga la kukatia kingo.

"Baba, kuna watu wanataka kuja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ni kina Kiplangat, wa Chebunyo."

"Wanakuja kufanya nini?"

"Baba!"

"Aah," alisema Omwenga, akaweka panga chini. Alikuwa amesikia jina la huyo Kiplangat mara nyingi kuliko taarifa ya habari. "Basi wakaribie."

"Nina ombi moja tu. Siku hiyo usimfukuze mtu kwenye nyasi. Wale wazee wakiona baba ya msichana ana mdomo, wanarudi kwao kimya, na hutawaona tena."

Alikuwa na sababu ya kuomba. Miaka miwili nyuma ujumbe wa kanisa ulikuja kuombea nyumba, mke wa mchungaji akapita katikati ya Kapeti na viatu vya kisigino, na Omwenga akamwambia mbele ya watu kwamba anazitoboa nyasi zake. Maombi yakawa mafupi. Mpaka leo kanisa linaiombea nyumba hiyo kutoka mbali.

"Sitamfukuza mtu," Omwenga alisema. "Nitaweka kamba tu."

Janefer alimwangalia mama yake. Nyambeki aliangalia mabati.

Sasa hapa ndipo yule mtu aliyefundisha wengine alijisahau. Wageni wa binti! Aliona Kapeti ilivyokuwa ndefu, ya Desemba, imelala upande, akaona haya. Siku kumi na mbili kabla ya wageni akatoa mashine, akakata hadi chini. Halafu akaingia stoo, mahali Nyambeki alikuwa amehifadhi mfuko wa mbolea ya chai akingoja mvua ya Machi. Akachota gorogoro moja, mkebe wa kilo mbili. Akafikiri kidogo. Akachota ya pili. Akazimwaga kwa mkono, mistari mistari, saa sita mchana jua likiwaka, bila wasiwasi wowote. Miaka thelathini na moja kwa meneja alifanya hivyohivyo, na saa kumi kamili mvua ilikuja ikaisukuma mbolea chini. Mvua ya saa kumi katika nchi ya chai ni kama mtu wa familia. Humpigii simu kumuuliza kama anarudi nyumbani.

Saa kumi ikafika. Mvua haikufika. Omwenga alisimama mlangoni akitazama upande wa Kipkelion, mawingu yakaonekana, yakamwangalia, yakaenda zao. Kesho yake vilevile. Kisima kiko bondeni, na maji ya debe moja yangeosha nini? Alibeba madebe sita, mgongo ukakataa la saba. Siku ya tano nyasi zikageuka manjano. Siku ya nane Kapeti ilikuwa na mistari ya kahawia kama punda milia, kila mstari ukionyesha mahali mkono wake ulipopita.

"Baba Janefer," Nyambeki alisema akiwa amesimama na mfuko uliopungua, "wewe si ndiye uliyesema Januari hatukati?"

"Nilisema."

"Na uliyesema mbolea bila maji ni moto?"

"Mama Janefer, nimesikia."

"Sijasema kitu. Nauliza tu."

Chepkirui naye alikuja kwenye ua, akaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akakosa la kusema. Jambo hilo lilimuumiza Omwenga kuliko utani wote.

Kitu kimoja tu kilibaki kijani. Katikati kabisa, mahali Madamu alipoweka mzigo wake Novemba, kulikuwa na duara upana wa sinia, nyasi nene, nyeusi kwa ukijani, zimesimama kama hazijasikia habari za jua. Omwenga alifikiria kulifunika na gunia. Lilimtia aibu zaidi kuliko pale palipoungua.

Jumamosi ikafika. Alfajiri alizungusha kamba ya nailoni kwenye vijiti, akapanga viti vya kukodi juu ya murram kandokando. Wageni walikuja saa tano, watu saba. Mbele alikuwa Mzee Noah, baba mkubwa wa Kiplangat, mrefu, kofia mkononi. Nyuma yake nyanya wa kijana, ambaye kwao huitwa Kogo, Kogo Chepchumba, amejifunga leso mbili, fimbo mkononi, macho yanacheka kabla ya mdomo. Kiplangat mwenyewe alitembea katikati akiwa amevaa suti kana kwamba ameiazima, na miguu pia.

"Chamge!" Mzee Noah alisalimu.

"Karibuni, karibuni viti," Omwenga alisema, akionyesha murram.

Mzee Noah aliangalia viti. Akaangalia nyasi. Akainua mguu mmoja juu ya kamba, akainua wa pili, akatembea hatua nne, akakaa chini, miguu mbele, kofia juu ya goti. Wazee wengine wawili wakamfuata bila kuulizana. Kwao maneno ya watoto hayasemwi mtu akiwa ameninginia kwenye plastiki. Unakaa chini kwenye nyasi, mnaangaliana.

Omwenga alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, lile lile alilomwambia mke wa mchungaji. Mlangoni mwa jikoni Janefer alisimama na sinia ya vikombe. Kiplangat alikuwa bado nje ya kamba, hajui aruke au azunguke.

Omwenga akameza. Lilimshuka polepole, kama ugali mkavu.

"Bwana Omwenga," Mzee Noah alisema akipigapiga nyasi kando yake, "sisi tumekuja kwako, na wewe umesimama kama askari. Kwani nyasi si zako?"

"Ni zangu."

"Basi keti."

Alikuwa hajui aanzie wapi. Alishika goti, akashuka upande mmoja, akaweka mkono chini, akaketi. Ardhi ilikuwa na joto. Akashangaa kukuta kijilima kidogo chini ya paja lake la kushoto, kijilima ambacho kwa miaka yote ya kusukuma mashine hakuwahi kukijua. Mtu anakata kitu maisha yake yote, na hajui kina umbo gani kwa chini.

"Jua limewachoma hapa," Mzee Noah alisema akiangalia mistari.

"Si jua. Ni mimi," Omwenga alisema, na wazee wakacheka, na kicheko hicho kikafungua mazungumzo kuliko salamu zote.

Waliongea hadi chai ikanywewa mara mbili. Walikubaliana, wakakataana, wakakubaliana tena. Mwishowe Kogo Chepchumba akasimama kwa fimbo yake. Kwao neno la heri halisemwi mkono ukiwa mtupu. Linataka jani bichi. Akazunguka na macho. Kahawia hapa, kahawia pale. Nyambeki alishika shavu. Omwenga alitamani ardhi immeze, na hiyo ardhi yenyewe alikuwa ameikausha.

Kogo akatembea moja kwa moja hadi kwenye lile duara. Akainama, akang'oa konzi nzima pamoja na mizizi. Omwenga alisikia ziking'oka kama meno yake. Kisha bibi akamwita Janefer na Kiplangat, akawashika mikono pamoja na zile nyasi, akasema maneno ya Kipsigis, taratibu, na wenzake wakaitikia.

Alipomaliza akamgeukia Omwenga. "Baba, hii ni nyasi nzuri sana. Hapa ulilisha na nini?"

Kabla Omwenga hajapata jibu la heshima, sauti ikatoka juu ya ua.

"Ni Madamu, Kogo! Ni ng'ombe wangu alilisha!"

"Chepkirui!" Nyambeki alipiga kelele.

"Si nasema ukweli tu! Hata mimi nilikuwa natafuta nafasi ya kusalimia wakwe."

Kogo alipoelezwa, alicheka hadi fimbo ikaanguka. "Basi huyo ng'ombe naye aalikwe harusi," alisema, na Mzee Noah akasema Madamu atakaa meza moja na wazee.

Kesho yake asubuhi Omwenga alitoka na ufagio wa kuinulia nyasi, kama kawaida. Kapeti ilikuwa imelala mahali watu walipokaa: hapa Mzee Noah, hapa wazee wawili, hapa yeye mwenyewe juu ya kijilima chake. Katikati palikuwa na shimo dogo lenye udongo mweusi, alama ya mkono wa Kogo.  Akafungua kamba kutoka kwenye vijiti, akaizungusha mkononi, akaegemeza ufagio ukutani bila kufagia.

Kisha akaenda kwenye ua akiwa na karai tupu na sepetu, akakohoa.

"Chepkirui."

"Naam, mzee."

"Madamu ameamkaje?"