Leso Kabla ya Trai

Kama umetumiwa ile video ya mama mwenye buibui aliyeingia uwanjani akamfunika mchezaji kichwa kwa leso, usijisumbue kuuliza ni nani. Ni mimi. Wamenicheka Malindi, wamenicheka Mambrui, na shemeji yangu alinipigia simu kutoka Mtwapa akicheka hata akasahau alichopigia. Na wacheke. Lakini video ile ni fupi, imeanza katikati na kukatwa katikati, na mimi mwanzo na mwisho ninao.

Mwanangu alikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa hapa Malindi. Mwaka uliotangulia alijiingiza kwenye raga bila ruhusa yangu, na nilijua siku aliyoletwa nyumbani na mwalimu wake, mkono umening'inizwa shingoni, mfupa wa mtulinga umevunjika. Mtoto niliyemkanda mafuta ya nazi tangu siku ya kwanza, watu wamemkalia! Nikamwuliza mwalimu, "Huyo aliyemwangukia ana uzito gani?" Mwalimu ni mtu wa bara, mcheshi, hajui saa ya kunyamaza. Akasema, "Mama, kama angekuwa mmoja tungeshukuru. Walikuwa wanne." Nilikuwa na mwiko wa mahamri mkononi, na Mungu ndiye aliyeuzuia.

Basi msimu mpya ulipokaribia nikasema: raga, basi. Kijana akaanza kunibembeleza. Alfajiri nikiamka kukanda unga wa mahamri, namkuta keshachota maji, keshawasha jiko. Nikirudi kuuza, vyombo vimeoshwa. Mtoto ambaye hata shuka lake alikuwa halikunji! Babake nilipomwuliza alisema, "Huyo ni mwanao, mwamuzi ni wewe," akaendelea na kahawa yake. Mwisho nikaona nimpe jibu la kumfunga. Nikamwambia, "Mna mechi tatu za mwanzo kabla ya mashindano yenyewe, sivyo? Mkishinda moja tu, cheza mpaka umalize shule, sitatia neno. Msiposhinda hata moja, jezi unairudisha kwa mwalimu wako na habari ya raga siisikii tena ndani ya nyumba hii."

Akaruka kwa furaha, akanibusu mkono. Maskini, hakujua nilikuwa nimeshapeleleza. Mwaka mzima uliopita timu ile haikuwa imeshinda mtu. Nilijiona mjanja, wallahi, nikalala usingizi mzuri.

Ya kwanza walikwenda Mtwapa, wakapigwa wakachakaa. Ya pili Kaloleni, wakapigwa tena, ingawa safari hii alirudi akisema walikaribia. Mimi nikamtilia chai, nikampa pole, na moyoni nikasema alhamdulillahi, imebaki moja. Hiyo moja ilikuwa nyumbani, Jumamosi, na wageni walikuwa wanatoka upande wa Kilifi, vijana ambao kila mtu aliniambia ni wakali. Nikaamua niende nikashuhudie mwenyewe mambo yakiisha. Nikamchukua mdogo wangu wa kike anifanyie kampani.

Tulifika jua kali la kaskazi, uwanja mkavu, mistari imechorwa kwa jivu, milingoti ya goli ni miti ya mivinje iliyofungwa kwa kamba. Kivuli kilikuwa kimoja tu, nyuma kabisa ya mstari wa mwisho, kwenye pembe, na akina mama wote walikuwa wamejibanza hapo. Nasi tukajibanza. Kijana wa bodaboda aliyetuleta, ambaye alisoma shule ile ile na aliwahi kuucheza mchezo huo, alikataa kuondoka. Akaegesha pikipiki, akasema, "Mama, kaa nikueleze." Akanieleza kwamba mpira hurushwa nyuma, si mbele, jambo ambalo nililiona la kipuuzi. Akanieleza kwamba ukivuka mstari na mpira hiyo ni trai, alama tano, halafu mnapewa teke la nyongeza, na mpira ukipita juu kati ya milingoti mnapata mbili zaidi. Kumbuka maneno yake. Ukivuka mstari. Ndivyo alivyosema, na mdogo wangu ni shahidi.

Mwanzo sikuangalia. Kila walipogongana nilijifunika uso kwa leso na kumwuliza mdogo wangu, "Amesimama?" Naye anasema, "Amesimama." Wageni walikuwa na kijana mmoja jitu, mapaja yake kama kinu, akipewa mpira watu wanapukutika. Wageni walitutangulia, sisi tukawa tunaokoteza alama tatu tatu kwa mateke ya adhabu ya kijana mwembamba wa kule Ganda ambaye ukimwona njiani ungempa chakula.

Halafu lile jitu likamjia mwanangu.

Niliona linakuja, nikanyanyua leso nijifunike, mkono ukakataa. Sijui kwa nini. Nikaona mwanangu anainama, anaingiza bega, lile lile bega lililovunjika, chini ya mbavu za mtu yule. Wakanyanyuka wote wawili, wakaanguka puu! Vumbi likatanda. Uwanja mzima ukapiga kelele. Vumbi lilipotulia jitu lilikuwa chali, na mwanangu ameshasimama, anapangusa magoti, anatafuta mpira ulipo. Hakushika hata bega. Nikasikia mtu anapiga ukelele, "Huyooo! Mwanangu huyooo!" Nikageuka kutazama ni mama gani asiye na adabu. Kumbe ni mimi.

Tangu hapo sikukaa tena. Lo! Sikujua mchezo wenyewe ndivyo ulivyo! Mtu anaangushwa, anauachia mpira, mwenzake anauokota, anaangushwa, wa tatu huyo! Nikawa napiga kelele, "Mshike kiuno! Simwachie! Unamwachia kwani ni mjomba wako?" Refa akipuliza filimbi namwuliza kwa sauti anapuliza nini. Mwalimu alinitazama kutoka upande wake wa uwanja, akanipungia mkono, nami nikampungia, ugomvi wetu umekwisha. Mdogo wangu akanivuta buibui akaninong'oneza, "Wewe si umekuja uwaone wakishindwa?" Nikamwambia, "Nyamaza, tunacheza."

Na kweli nilikuwa nimesahau. Au niseme nilikumbuka, lakini nilikuwa siitaki tena ile ahadi yangu. Nilitaka washinde. Niliutaka ushindi ule kwa tumbo, kama mtu anavyotaka maji.

Dakika zikayoyoma. Wageni walikuwa mbele kwa alama sita, na yule wa bodaboda alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, trai moja na teke lake, tumeshinda kwa moja. Lakini muda ndio huo unaisha." Wetu wakawa na mpira mbali, kule kwenye lango letu. Wakaurusha huku, wakaurusha kule, ukamfikia mwanangu pembeni kabisa mwa uwanja, upande wetu.

Yarabi, mtoto alikimbia! Alimkwepa wa kwanza, wa pili akamgusa kwa kiganja kifuani akamwacha amekaa chini. Anakuja anakuja, macho yamemtoka, anakuja moja kwa moja kwetu sisi akina mama. Jitu liko nyuma yake linahema. Mimi nimeshavua leso ya begani bila kujua. Akaufikia mstari wa jivu. Akauvuka!

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo watu wanaponicheka. Kwetu, mtu akifanya jambo likapendeza, mtoto akihitimu Kurani, bwana harusi akitoka, mcheza ngoma akicheza bega likakolea, hatumkalii mbali tukampigia makofi. Tunamwendea pale pale alipo, moto ungali unawaka, tunamvika leso, tunapiga vigelegele. Huko ndiko kumtunza mtu. Ukingoja mpaka amalize, arudi, akae, apumzike, umemtunza nini? Na mwanangu alikuwa ameshavuka mstari, mbele ya macho yangu, hatua chache kutoka nilipo. Nilichomoka na vigelegele, mdogo wangu nyuma yangu, na akina mama wengine nyuma ya mdogo wangu. Nikamtupia leso, ikamfunika kichwa chote mpaka mabegani, nikamkumbatia. Mdogo wangu akamkamata kiuno.

"Mama!" Sauti inatoka ndani ya leso. "Mama, niachie! Bado!"

"Bado nini, mwanangu? Umevuka!"

Kumbe, jamani, kuvuka hakutoshi. Mpira lazima uugusishe chini, uubonyeze ardhini kwa mkono. Wageni walipopata trai zao nilidhani wanaanguka kwa kusukumana! Na mwanangu hakuubonyeza pale pembeni kwa sababu alikuwa anakata kwenda katikati, chini ya milingoti, maana teke la nyongeza hupigwa kwa kufuata usawa wa pale trai ilipopatikana. Ukifunga katikati, teke ni la mtoto mdogo. Yote hayo yule wa bodaboda alinieleza baadaye.

Lile jitu lilitufikia mbio. Lingeweza kutuzoa sote. Likafunga breki, miguu ikateleza kwenye mchanga, likasimama mbele yangu likihema, likanitazama, kisha likasema, "Shikamoo, mama."

Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Ningesema nini?

Filimbi ikalia. Refa akaja, mwalimu akaja, manahodha wakaja, na mimi nimesimama katikati yao na leso mkononi. Mwalimu akasema, "Mama, huku watazamaji hawaruhusiwi." Nikamwambia mimi si mtazamaji, mimi ni mamake. Refa, kijana mpole, akafikiri sana, akaamua: trai ni halali, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumzuia kijana isipokuwa mamake. Uwanja ukalipuka! Lakini akanyoosha kidole. Itahesabiwa pale pale alipoguswa na leso. Pembeni.

Alama tano. Tukabaki nyuma kwa moja, muda umekwisha, limebaki teke peke yake, na teke lenyewe kutoka pembeni kabisa, mahali ambapo milingoti ile miwili ya mivinje ukiitazama inaonekana kama mmoja. Kijana wa Ganda akauweka mpira. Akarudi nyuma.  Mimi nilipiga magoti kwenye mchanga na kusoma kila dua niliyofundishwa tangu chuo cha Kurani.

Akapiga. Mpira ukaenda juu vizuri, ukapinda, ukazidi kupinda, ukapita nje ya mlingoti. Si kwa mkono. Kwa kidole.

Wageni wakarukiana. Wetu wakakaa chini walipokuwa. Niliona uchungu ambao sikuwahi kuuona kwa jambo lisilokuwa msiba, na ulizidi kwa sababu nilichokipata ndicho nilichokuwa nimekuja kukitafuta. Mdogo wangu alinisimamisha, akanipangusa mchanga magotini.

Mwanangu akaja. Alikuwa ameshapeana mikono na wageni, ameshambembeleza kijana wa Ganda. Akaivua jezi mbele yangu, na pale kwenye mtulinga nikaona lile kovu la mfupa lililovimba kidogo. Akaikunja vizuri, yeye ambaye shuka hakunji, akaniwekea mikononi.

"Tumeshindwa, mama. Ahadi ilikuwa ahadi."  Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, na afadhali angekasirika: "Mama, ulifanya makusudi?"

Damu ilinipanda, ikashuka. Mimi? Nimzuie mwanangu mbele ya mji mzima, kwa hila, kwa kujifanya nashangilia? Lakini ningemlaumu vipi? Alijua nilichokuja nacho moyoni. Nikafungua mdomo nimwapie kwa Mungu wangu.

Sauti haikutoka. Nikajaribu tena, ukatoka upepo mtupu na mkwaruzo. Nikakohoa, nikashika koo, nikasema "wallahi," na hata mimi mwenyewe sikuisikia.

Akanitazama sana. "Mama, sauti yako imekwenda wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Pale lile jitu lilipoanguka. Pale pembeni alipopokea mpira. Njia nzima aliyoikimbia, mpaka kwenye mstari wa jivu. Macho yake yakafuata kidole changu, na midomo ikaanza kumcheza, asijue acheke au alie.

Nikaikunjua jezi, imelowa jasho na vumbi, nikatafuta tundu la kichwa. Akainama, maana siku hizi ananizidi urefu, nikamvisha.