Mpishi Asiyeonja Chungu Chake

Jirani yangu mpishi, Mrangi wa Kondoa, huwapikia Wadachi wa reli hapa Dodoma supu ya maharage na soseji za nguruwe, chakula ambacho dini yake haimruhusu hata kukilamba. Huko amezoea kupika kwa pua tu, na mazoea hayo huja nayo nyumbani. Siku ya mapumziko hujaza nyama ya mbuzi kwenye utumbo uliooshwa vizuri, akaufunga kwa uzi na kuutumbukiza kwenye maharage yanayochemka. Nyama ni halali na chungu ni chake, lakini bado haonji. Hunipitishia upawa juu ya ua. "Dada, sema." Nami nikisema, vidole vyake vinene huongeza chumvi polepole, kama vimeshika kifaranga.

Jana alipita mume wangu, yule aliyenifukuza akisema sina akili, akabaki na ng'ombe wa mahari ya binti yetu. Harufu ilimvuta, mpishi akamkaribisha na kumpa bakuli, upawa ukiwa bado mkononi mwangu upande wangu wa ua.

"Haina chumvi hii," akasema. "Huyu ndiye aliyekuonjea? Hajui kitu."

Mpishi alichota chumvi, akaishikilia juu ya chungu, akanigeukia.

"Dada, imepungua?"

"Imetosha," nikasema.

Akairudisha chumvi kwenye kibuyu, akakung'uta vidole, akafunika chungu.

"Imetosha, shemeji," akamwambia mume wangu. "Kula."