Moshi wa Pikapu na Safari ya Midrand

Mwanangu, vuta kiti ukae karibu. Nimeona umenunua gari kuukuu, na furaha yako imenikumbusha ya kwangu. Kuna safari moja ya ujana wangu hapa mtaani Berea ambayo hainitoki kichwani, na leo nataka uisikie.

Nilikuwa nimetoka Uvira, kule Kongo, miaka michache kabla ya hapo, na kazi yangu ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu. Nilikuwa na pikapu nyeupe, hizi ambazo kila mtu Johannesburg anaziita bakkie. Watu kadhaa walikuwa wameimiliki kabla yangu. Injini iliwaka bila kusumbua, na ilibeba friji, kitanda na kabati kwa safari moja. Shida yake ilikuwa moshi. Tukisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu, moshi ulipanda kutoka chini ukatuingilia mpaka tulipokaa. Wauza ndizi kando ya barabara wakiniona nakuja walifunika bidhaa zao, nami nikiwapigia honi na kucheka.

Lakini binti yangu Neema alikuwa na pumu. Kila asubuhi nilipompeleka shule alifunika pua kwa mkono wa sweta na kuniambia, "Papa, fungua dirisha." Nikifungua, moshi ulizidi. Hapo sikucheka.

Siku moja nikasikia kwenye redio kwamba kampuni iliyotengeneza pikapu za aina yangu inaziita zote zirudi, zibadilishwe kichujio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi, kwa sababu vile vya mwanzo vilikuwa na kasoro. Kazi ingefanywa bure, hata kama gari ni la zamani. Niliruka kwa furaha. Kabla ya kwenda nikamwita Hamisi, kijana wa Kigoma aliyekuwa fundi wetu wa mtaani, aniangalizie.

Hamisi akaingia chini ya gari, akagonga kwa spana, akatoka akitabasamu.

"Kaka, hili ni kopo tupu. Masega yaling'olewa zamani. Mtu kayauza."

Masega ndilo jina ambalo mafundi wanakipa kile kichujio, kwa sababu ndani kina vitundu kama nyumba ya nyuki. Kina madini ya thamani, ndiyo maana wezi wanakipenda.

Nikanywea. Hamisi akanipiga bega. "Usijali. Wale wanatoa cha zamani, wanaweka kipya. Nakutafutia kimoja kwa wauza vyuma chakavu, nakichomelea hapa hapa. Wakichungulia watakuta kipo."

Nikamwambia, "Sharp, sawa! Kitafute."

Pembeni yetu, kwenye baraza la jengo letu, alikaa Mama Furaha, Mrundi aliyekuwa msusi. Ndiye aliyetupokea mimi na mke wangu tulipofika mji huu, akatupa nusu ya chumba chake, akaning'iniza pazia katikati. Alikuwa anasuka kichwa cha mteja, na masikio yake hayakupitwa na neno.

"Baba Neema," aliita bila kuinua macho, "njoo hapa."

Nikaenda.

"Hao watu wamesema watakupa kitu bure. Hata hujafika kwao, umeshaanza kuwadanganya. Kwa nini?"

"Mama, nikisema ukweli watanifukuza."

"Wakikufukuza utarudi na gari lako, na moshi wako, kama ulivyo sasa. Je, hicho chuma atakachokuletea Hamisi, unajua kimetoka kwenye gari la nani? Ukikamatwa nacho, nani atampeleka Neema shule?"

Mteja mwenyewe akageuza kichwa kuniangalia, Mama Furaha akakirudisha mahali pake kwa vidole viwili. "Kesho tunakwenda wote," akasema. "Nitavaa gauni la kanisani."

Na kweli alilivaa, la kitenge cha bluu, na kilemba kilichogusa paa la gari. Njia nzima mpaka Midrand, kwenye karakana ya kampuni, alikuwa anakohoa na kuimba, anaimba na kukohoa.

Karakana ilikuwa na sakafu safi hivi kwamba niliogopa kukanyaga. Msimamizi alikuwa Mzulu wa makamo, mrefu, mwenye uso usiocheka. Mama Furaha akamsalimia kwa Kizulu alichojifunza kwa wateja wake, taratibu, mpaka yule bwana akasahau haraka yake. Kisha akanisukuma mbele, nami nikasema kila kitu: gari nililinunua hivi, kichujio hakimo, si mimi niliyekitoa, na nina mtoto mwenye pumu.

Msimamizi akatikisa kichwa. "Sisi tunabadilisha, baba. Kwako hakuna cha kubadilisha."

Nilikuwa tayari nimegeuka kuondoka, nikiwaza kwamba Hamisi alikuwa sahihi.

"Baba," Mama Furaha akamwambia, "haya magari mnayaita kwa sababu gani?"

"Yanatoa moshi mbaya, mama."

"Basi liwashe hili."

Yule bwana akaingia, akawasha, akakanyaga mafuta. Mwanangu, karakana ile nyeupe iligeuka jikoni kwa mpika maandazi! Mafundi walitoka mbio wakikohoa na kucheka, na msimamizi akashuka akipunga mikono. "Eish, mama! Nimeona, nimeona!" Uso usiocheka ukacheka. Akasema atawapigia simu wakubwa wake, tusubiri.

Tukasubiri. Mama Furaha, ambaye mikono yake haikujua kukaa bure, akaanza kumrekebishia msuko dada wa mapokezi. Wakati huo ikaingia pikapu nyingine kama yangu. Fundi akaingia chini yake na tochi, akasoma namba iliyogongwa kwenye kichujio, akamwita msimamizi pembeni. Kichujio kilikuwa cha gari lililoibwa. Mwenye pikapu alilia kwamba amekinunua tu kwa wauza vyuma, lakini polisi walipofika waliondoka naye.

Nikakumbuka kile chuma alichotaka kunitafutia Hamisi. Mama Furaha aliendelea kusuka.

Baadaye msimamizi akarudi. Wakubwa wamekubali, akasema, kwa kuwa gari limo kwenye orodha yao na mwenyewe amejieleza. Alasiri tulitoka Midrand na kichujio kipya, na Mama Furaha akaimba bila kukohoa mpaka Berea.

Kesho yake tukasimama kwenye robot, taa nyekundu. Neema akainua sweta kufunika pua, kama kawaida yake. Akangoja. Akaishusha pole pole, akanitazama kwa mashaka. "Papa, umeazima gari la nani?"

Hamisi tulipomsimulia alicheka kidogo. Wiki iliyofuata alimpeleka mjomba wake kule kule Midrand, na pikapu yake yenye kopo tupu.

Basi mwanangu, ninalokuusia ni hili. Kampuni ikiliita gari lako, usiseme ni kuukuu, wala usiseme wewe ni mgeni katika nchi hii. Nenda mwenyewe, salimia watu, na ueleze hali ya gari lako kama ilivyo. Ukikataliwa, uliza tena kwa heshima. Kifaa usichojua kilikotoka usikifunge kwenye gari lako, hata akikuletea rafiki. Na moshi wa gari lako usiufanyie mzaha, kwa sababu kuna mtoto wa mtu anauvuta.

Mungu akulindie macho na mikono ukiwa barabarani. Awape wanao vifua vyepesi, na popote utakapobisha hodi akukutanishe na watu wenye moyo wa kusikiliza. Nenda kwa amani, mwanangu.