Mwalimu alisema galaksi nyekundu ndiyo nzito, nikabisha mpaka Naliendele

Wakuu, salaam nyingi. Kisa hiki ni cha kweli, shahidi ni tumbo langu.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa sekondari ya bweni Mtwara, upande wa Naliendele.

Mwalimu wetu wa fizikia, Mhaya mcheshi, alitwambia uzito wa galaksi za mbali hukadiriwa kwa rangi na mwanga.

"Ya bluu ina nyota changa zinazowaka kwa fujo. Nyekundu imejaa nyota za zamani, nyingi, hafifu. Zikitoa mwanga sawa, nyekundu ndiyo nzito."

Rafiki yangu Chikoti, Mmakonde wa Newala, akanong'ona, "Kapima kwa mizani ya wapi huyu?"

Nilicheka kuliko wote.

Jumamosi tukapewa ruhusa ya kutoka mpaka magharibi. Tulikuwa na njaa (mliosoma bweni mnayajua maharage yetu). Msimu wa korosho, hupiti penye moto wa kuzikaanga bila kuonjeshwa.

Kigiza kinaingia, tukaona mioto miwili, kulia na kushoto. Mmoja unaruka juu, mweupe. Mwingine mwekundu, umelala.

Muda ulitosha mmoja tu.

"Twende kwenye mwali!" nikamwambia Chikoti.

"Nenda na mwali wako. Mie nafuata makaa."

Nikafika mbio. Bibi mmoja, kopo moja la korosho, mafuta ya maganda ndiyo kwanza yameshika moto.

"Karibu mjukuu wangu. Ila bado mbichi, na ndizo hizo hizo."

Nikageuka mbio kwenye makaa. Pale walikaanga tangu mchana, ungo umefurika. Chikoti mashavu yamevimba. Na pembeni yake nani? Mwalimu!

"Umechelewa, bwana bluu," akasema huku anatafuna. Akatazama saa. "Haya, bwenini wote!"

Nililala njaa wakuu, nanuka moshi.

Jumatatu, jaribio: "Eleza uhusiano wa rangi, mwanga na uzito wa galaksi. Tumia mfano unaoujua."

Nikaeleza ile mioto miwili, nikapata alama zote. Chikoti aliyeshiba akafeli.

Nimetangatanga miji mingi tangu hapo. Kila nikishuka stendi na njaa, napita majiko yenye miali, natafuta mama mwenye makaa.

Wewe je, mwali gani ulikulaza njaa? Tiririka hapa.