Mwaka wa Kurudi Kwenye Kahawa

Niliacha kazi ya mpakani siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mfumo ukiwa chini. Kwa wasioijua Tunduma, mfumo ukiwa chini maana yake kompyuta za forodha zimegoma, malori yamesimama hadi Mpemba na kupita, na kila dereva mwenye simu anaamini wakala wake ndiye aliyezizima. Wakala nilikuwa mimi. Kwa miaka kumi na moja niliandaa nyaraka za mizigo inayovuka kwenda Zambia na Kongo, nikazikimbiza kutoka dirisha hili hadi lile, nikatukanwa kwa lugha nne. Asubuhi hiyo dereva mmoja Mzambia, mzee mstaarabu ambaye kila siku alinianza kwa "Mulishani, bamayo?", yaani habari yako, mama, alinipigia bila salamu akauliza gari lake linatoka lini. Nilimfokea. Mzee wa umri wa baba yangu nilimfokea hadi wenzangu ofisini wakageuka kunitazama, na yeye akasema tu pole, bamayo. Pole yake ndiyo iliyonimaliza. Nikaenda kwa bosi nikamwambia naondoka.

Nisidanganye kwamba nilikurupuka. Miezi miwili kabla ya hapo mnunuzi mmoja wa kahawa kutoka Mbeya, ambaye mizigo yake nilikuwa naishughulikia, alinieleza kwamba anatafuta mtu wa kuzunguka vijijini. Alitaka mtu anayejua Kinyiha, asiyeogopa makaratasi wala pikipiki, ambaye angefundishwa kuonja kahawa na kuwaambia wakulima kasoro ziko wapi. Angenijaribu mwaka mmoja. Mimi ni mtoto wa kahawa, nimezaliwa Ihanda katikati ya mibuni ya baba, na tangu siku ile wazo hilo halikunitoka kichwani hata nikiwa kwenye foleni ya dirisha la forodha.

Bosi wangu, mtu mwema kuliko nilivyomstahili, alisema kiti changu angeniwekea hadi mwaka huo wa majaribio uishe, nikishindwa nirudi. Kazi ikabaki kumwambia baba.

Baba yangu ni mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa tangu ujana wake, na mtu asiyependa kurudia sentensi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nimekusomesha ili utoke kwenye kahawa. Wewe unaniomba baraka za kurudi?"

Nikajaribu kumweleza habari za kuonja. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Kuonja," akasema. "Yaani umeacha ofisi ili uwe unakunywa kahawa."

Mama alikuwa anazuia kicheko. Mwisho baba aliinua kidole kimoja. Mwaka mmoja, akasema. Mwaka ukiisha yeye ndiye atakayeamua kama hiyo ni kazi au ni matembezi. Akiona ni matembezi, narudi Tunduma bila mjadala. Mtu wa nje ataniuliza, mwanamke wa miaka thelathini na minne anangojaje uamuzi wa baba yake? Mimi nilingoja. Yule mzee aliuza ng'ombe wake wote wawili nikiwa kidato cha tatu, na nisingeweza kuifanya kazi ile kwa moyo mweupe huku yeye akiniona mpotevu. Nikakubali.

Wiki ya kwanza sikufanya lolote la maana isipokuwa kulala. Simu haikulia. Niliitoa mfukoni mara kwa mara nikiitazama kwa wasiwasi, halafu nakumbuka kwamba hakuna lori lolote duniani linalonisubiri, na mabega yanashuka yenyewe. Sikujua kwamba mabega yangu yalikuwa juu miaka yote ile.

Mafunzo yalikuwa Mbeya. Siku ya kwanza niliingia kwenye chumba chenye meza ndefu, vikombe ishirini na tano juu yake, na kila mmoja wetu akapewa kijiko. Mwalimu alionyesha mara moja: unachota, unavuta kwa kelele mpaka kahawa itapakae ulimi wote, unatema kwenye ndoo, unasogea. Nilielewa vizuri tu. Ila nilipofika kwenye ndoo, sikuweza. Nyumbani kwetu mtoto aliyetema alichopewa na mwenyeji alichapwa hapohapo mbele ya mwenyeji. Kila kikombe kilikuwa na jina la kijiji kwenye kikaratasi, na vijiji hivyo navijua, nina mashangazi huko. Nikameza. Nikameza vyote ishirini na vitano, kijiko baada ya kijiko, tena tulizunguka meza mara tatu.

Lazima niseme jambo ambalo watu wa mbali hawaliamini: nilikuwa sijawahi kunywa kahawa. Kwetu kahawa inalimwa, inaoshwa, inaanikwa, inauzwa, na jioni watu wanakunywa chai. Baba mwenyewe alikuwa hajawahi kuionja. Basi ilipofika saa sita moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni, na nilikuwa na uhakika kwamba nakufa. Nilitoka nje nikampigia mama simu nikamwambia nawapenda wote. Mama akauliza, "Umelewa?" Mwalimu alinikuta nimekaa kwenye ngazi, akaniuliza nimetema mara ngapi. Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniletea maji na ndizi. Kesho yake nilitema. Mara ya kwanza niliomba radhi kimoyomoyo kwa kijiji kizima.

Baada ya hapo ulikuwa mwaka wa barabara. Nilipewa pikipiki na koti la mvua, nikazunguka Mbozi kijiji kwa kijiji. Nilipanda milima ya Ileje asubuhi za ukungu ambapo unasikia ng'ombe kabla hujamwona, na breki inakuwa kitu cha kukiombea. Nilifika hadi Mkwajuni kwenye joto, ingawa huko habari ni dhahabu. Nilitumwa kuwauliza vijana wa Mbozi waliokimbilia machimbo kama wangerudi wakati wa kuchuma. Jibu lao lilikuwa fupi na siwezi kuliandika hapa. Mama lishe niliyekula kwake akaniuliza kazi yangu, nikamweleza, akageuka kuwaambia wateja wake wote, "Huyu dada analipwa kwa kunywa kahawa na kuitema!" Walicheka, nikacheka nao. Ningekuwa bado wakala ningenuna wiki nzima. Na kila nilipopita Mpemba na kuyaona malori yamejipanga, nilipunguza mwendo kidogo nikayatazama, kisha nikaongeza mafuta. Sitaki kujifanya mtakatifu, nilikuwa naimba.

Lakini mwaka haukuwa wa kuimba tu, kwa sababu Septemba ilifika.

Utaratibu wetu ni huu: sampuli za wakulima zinakuja na namba, bila majina. Tunazikaanga, tunazionja, tunaandika. Baadaye ndipo orodha ya majina inafunguliwa, na majibu yanasomwa hadharani kwenye uwanja wa chama cha msingi. Wakulima wenyewe ndio waliotaka hivyo, asiwepo wa kunong'onezwa na asiwepo wa kupendelewa. Katika sampuli za Ihanda, namba saba ilikuwa mbaya. Ilikuwa imechachuka, ikaacha harufu ya kitunguu mdomoni, na nikaandika hivyo kwa herufi kubwa. Asubuhi ya mkutano nilifungua orodha nikiwa nimesimama kando ya pikipiki. Namba saba ni baba.

Ningeweza kuiruka. Kweli nililifikiria, na nalisema wazi. Karatasi zilikuwa mikononi mwangu na watu walikuwa hamsini wakipiga soga. Ila nilimwona baba amekaa mstari wa mbele, amevaa koti lake la kanisani. Amekuja kuona kama hii ni kazi au ni matembezi. Nikasoma moja hadi sita. Nikasoma ya saba kama nilivyoiandika, pamoja na kitunguu, na jina lake. Mtu mmoja nyuma akasema "Aisee." Baba akasimama, akavaa kofia, akaondoka taratibu bila kugeuka.

Jioni nilimfuata nyumbani. Nilikuwa nimeshajua kosa liko wapi, maana nimekulia ndani yake. Mashine ya kumenya kahawa ni ya majirani sita, na kila mmoja ana siku yake. Zamu ya familia yetu ni Ijumaa tangu sijazaliwa. Kahawa ikishamenywa inavundikwa kwenye ndoo hadi ule utelezi uachie, halafu inaoshwa. Ya Ijumaa ilitakiwa ioshwe Jumapili, lakini Jumapili baba hafanyi kazi yoyote, hata msumari hagongi. Kwa hiyo ilikuwa inasubiri hadi Jumatatu. Tena kwa kuogopa wezi, ndoo alizipanga jikoni, jirani na moto. Kwa baridi yetu ya Julai nje zingeweza kuvumilia. Jikoni zilikuwa zinaoza.

"Kwa hiyo kosa ni la ibada," baba alisema nilipomaliza kueleza.

"Kosa ni la zamu, baba. Na la jiko."

"Miaka yote hiyo nimeuza kahawa, hakuna aliyeniambia inanuka."

"Hakuna aliyeionja."

Kuanzia siku hiyo alinijibu shikamoo zangu na si zaidi. Nikipiga simu, anampa mama. Krismasi nilikula nao wali na kuku, na baba akaongea na kila mtu mezani isipokuwa mimi. Iliniuma, siwezi kulipamba. Usiku nilihesabu miezi iliyobaki na kujiona nimerudi dirishani nikiwa na mafaili kwapani. Mnunuzi wangu alikuwa ameshasema kwamba kwake nimefaulu. Nilimwomba asiandike mkataba kwanza.

Mei kahawa ilipoanza kuiva, nilikwenda kijijini kwa kazi nikapita kwa jirani yetu, Msabato, mmoja wa wale sita wenye mashine. Alikuwa anaosha kahawa yake siku ya Jumapili, bomba limefunguliwa, na mikono yake imejaa povu. Nikashangaa, kwa sababu zamu yake siku zote ilikuwa Jumanne.

"Tumebadilishana na baba yako," akasema. "Mimi namenya Ijumaa mchana, Sabato napumzika, Jumapili naosha. Yeye amechukua Jumanne yangu. Alikuja mwenyewe mwezi wa tatu, akakaa hapo kwenye kigoda. Nikamuuliza, mzee, zamu ya marehemu baba yako unaiachia nini? Akasema, binti yangu ameonja."

Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani masikio yangu yana shida. Nilirudi kwenye pikipiki nikakaa juu yake bila kuiwasha. Nilikuwa na furaha, lakini woga ulikuwepo, kwa sababu baba anaweza kukubali hoja yako na bado akakuhukumu. Nimemwona akiwafanyia hivyo watu kanisani.

Siku ya mwaka kutimia ilikuwa Alhamisi ya Juni. Nilifika Ihanda asubuhi nikiwa na hotuba nimeipanga, yenye sababu kama za mtu anayetetea mzigo uliozuiliwa. Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, amesimama kwenye kichanja, kahawa iliyooshwa alfajiri ile imetandazwa mbele yake, nyeupe, inavuja maji. Ndoo zilikuwa zimepangwa nje chini ya ukuta, na mlango wa jiko ulikuwa umefungwa. Alikuwa anachambua mbovu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikasubiri. Ile hotuba yote ikanipotea.

"Baba, mwaka umeisha."

"Najua. Kalenda ninayo."

"Basi niambie."

Alitoa punje mbili, akazitupa, akatoa ya tatu akaitazama kwa muda, kisha akairudisha. "Bosi wako wa Tunduma nilimpigia Jumatatu," akasema. "Nimemwambia hicho kiti ampe mtu mwingine. Asiendelee kukuwekea bure."

Nilishika ukingo wa kichanja kwa mikono miwili. Pumzi niliyoishusha nadhani nilikuwa nimeibana tangu Septemba. Kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira hata kwenye heri, maneno ya kwanza yaliyonitoka yalikuwa ya lawama.

"Ungeniuliza kwanza, baba. Hiyo ni kazi yangu."

"Wewe ulipoiacha uliniuliza?"

Nilicheka hadi machozi yakatoka, na yalipotoka yakawa machozi kweli. Baba aliyaacha yatoke, akaendelea kuchambua. Kisha akachota konzi ya kahawa, akanishika mkono, akanimiminia kiganjani ikiwa bado na maji ya baridi.

"Haya, nenda nayo ukaionje," akasema. "Na usinionee aibu."